Bei iko wapi? Vikundi na biashara ndogo za Nyanda za Juu Kusini mtandaoni

Ukipita Mwanjelwa au Kabwe, jijini Mbeya, siku hizi ni nadra kukuta kibanda kisicho na namba ya WhatsApp iliyobandikwa mlangoni, na pembeni yake lipa namba za mitandao miwili au mitatu. Swali la kama biashara ndogo za huku kwetu ziingie mtandaoni au zisiingie limekwisha kujijibu lenyewe; zimeingia, tena bila semina wala posho. Swali ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha ni zinafanya nini zikiwa humo, na kwa nini mtu mwenye wafuasi elfu kadhaa bado anauza kwa majirani walewale, au kwa nini wakulima walio katika kundi moja la WhatsApp bado kila mmoja anahangaika kivyake kutafuta gari la kupeleka mzigo uleule kwenye soko lilelile.

Nayaandika haya kutoka Uyole, ambako nina steshenari. Kazi iliyoandikwa kwenye leseni ni kuchapa, kutoa kopi na kuuza madaftari, lakini sehemu kubwa ya siku huishia kwenye mambo ya mtandao ya watu wengine: kumfungulia mtu barua pepe kwa ajili ya kuomba TIN, yaani namba ya mlipakodi, kukisaidia kikundi kujisajili kwenye mfumo wa ununuzi wa serikali, kumpangia mama wa mgahawa picha za vyakula vyake, kuhangaikia akaunti ya kijana ambaye simu yake imeibwa stendi. Kwa kukaa hapo naona pande nyingi kwa wakati mmoja, kuanzia vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) na vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) hadi shule binafsi, kwaya na mafundi seremala. Maoni yangu niyaseme mapema: tunatumia nguvu nyingi mno kutaka kuonekana na watu tusiowajua, na nguvu kidogo mno kuunganika vizuri na watu ambao tayari tunafanya nao kazi au tungeweza kufanya nao kesho asubuhi. Faida ya karibu iko kwa hawa wa pili.

Nianze na jambo dogo linaloudhi kuliko yote. Fungua ukurasa wa duka la nguo, samani au vifaa vya umeme katika mji wowote wa huku, utakuta picha nzuri ya bidhaa na chini yake maneno mawili: "Bei DM", yaani uulize kwa ujumbe wa faragha. Katika maoni watu wanauliza bei mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anajibiwa, "Njoo DM mpendwa." Nimewauliza wenye maduka kadhaa sababu, na sababu zao zina mantiki. Wengine wanaogopa mshindani wa jirani atashusha kidogo tu chini yao. Wengine wana bei ya rejareja na bei ya jumla na hawataki zigongane hadharani. Wengine wanaamini kwamba mteja akishaanza kuzungumza nawe hatoki mikono mitupu. Sizidharau sababu hizi, maana kupatana bei ni sehemu halali ya biashara yetu na mtu akikuuzia bila kupatana unaweza hata kumtilia shaka.

Hata hivyo, mtu aliyeko Tunduma, Chunya au Makambako, ambaye anapima kama inafaa apande gari au atume hela, anahitaji namba ya kuanzia, na akiikosa anapita bila kuuliza. Mwenye duka hamwoni huyo aliyepita, kwa hiyo hajui kwamba alikuwapo. Kuna fundi seremala wa Mafinga, mji ambao mbao ndiyo riziki yake, aliyelimaliza suala hili kwa namna ninayoipenda: chini ya picha ya kila kitanda anaandika ukubwa wake kwa futi, aina ya mbao, bei ya chini kabisa ikiwa ni paini, kiasi kinachoongezeka mteja akitaka mninga, na sentensi moja kwamba usafiri kutoka Mafinga ni juu ya mteja. Nafasi ya kupatana bado ipo, ila mazungumzo yanaanzia mahali fulani, na wanaompigia simu wamekwisha kujichuja wenyewe.

Hapo ndipo programu ya WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018 na ambayo kuipakua ni bure, ingepaswa kutumika zaidi kuliko ilivyo sasa. Inakuwezesha kupanga bidhaa zako katika katalogi yenye bei, kuweka saa za kazi na mahali ulipo, na kuandaa majibu ya maswali yanayojirudia, ili usiandike maelekezo ya kufika dukani kila siku upya. Jambo moja wengi hawalijui: ukituma tangazo kwa orodha ya matangazo, ambayo ina kikomo cha watu 256, ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Unaweza kutuma kila Ijumaa na usimfikie hata nusu ya wateja wako, kwa sababu hukuwahi kumwambia mtu, akiwa amesimama mbele yako anasubiri chenji, "Hifadhi namba yangu, andika jina la duka."

Mfano unaonifundisha mengi zaidi, hata hivyo, hauhusu duka. Ni kikundi cha wakulima wa viazi mviringo cha upande wa Uporoto, njia ya Isyonje, ambacho katibu wake huja kwangu kuchapa kumbukumbu za mikutano. Kundi lao la WhatsApp lilikuwa kama makundi mengine yote: rambirambi, vipande vya mahubiri, picha za maua zenye "Asubuhi njema", tangazo la mikopo ya haraka, na katikati ya hayo yote mtu anauliza bei ya viazi Dar es Salaam bila kujibiwa, kwa sababu hadi anayejua afungue simu, swali limekwisha kuzikwa na ujumbe mwingine hamsini. Walichokifanya hakikuhitaji fundi. Walifungua kundi la pili ambamo viongozi peke yao ndio wanaoweza kutuma, wakaliacha lile la kwanza liendelee na salamu zake, na wakakubaliana kwamba mwenye mzigo anamwandikia katibu mambo manne tu: aina ya viazi, idadi ya magunia, siku ya kuchimba, na mahali gari linapoweza kufika. Katibu alinionyesha ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa mama mmoja: "Asante, gunia 14. Tunachimba Jumanne. Gari linafika hadi shuleni, mvua ikinyesha liishie barabara kubwa, tutashusha kwa pikipiki." "Asante" hapo ni aina ya viazi, si shukrani. Maneno hayo yasiyofika ishirini na tano yanamtosha mwenye fuso kuamua kama anakuja na atatoza kiasi gani.

Katibu anajumlisha, na mzigo ukifikia wa gari moja ndipo anapiga simu kwa wanunuzi. Asubuhi ya siku hiyo anaweka katika kundi bei aliyoambiwa kutoka masoko ya Dar es Salaam kama Mabibo na Temeke Stereo, akitaja ameambiwa na nani. Jambo hili linaonekana dogo kwa asiyelima. Zamani dalali alikuwa akipita shamba hadi shamba, na kwa kila mkulima anasema kwamba jirani yako pale juu amekwisha kukubali bei ya chini, wewe ndiye unayenichelewesha. Mkulima hakuwa na namna ya kuthibitisha bila kupanda kilima. Siku hizi maneno hayo hayamalizi dakika tano. Nisieleweke kwamba dalali ni adui; anazijua njia, ana fedha taslimu mkononi, na mara nyingi ndiye anayebeba hasara gari likikwama mlima Kitonga na viazi vikaanza kuoza. Hajaondoka, ila sasa anakuta mzigo wenye idadi, wenye siku, na wenye wauzaji wanaojua mwenzao ameambiwa nini.

Suala la lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, nalo limeguswa kwa njia hiyohiyo. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, jambo ambalo kila mkulima analijua na kila mnunuzi analijua, na bado kilemba kinashonwa juu ya gunia kwa sababu mkulima mmoja akikataa, mnunuzi anahamia kwa wa pili. Kundi halikuleta mzani mpya wala sheria mpya. Lilileta tu uwezo wa wote kukataa siku moja, na picha ya gunia likiwa juu ya mzani ikatumwa kwa wote kabla gari halijaondoka. Wanakiri kwamba msimu ukiwa mbaya wapo wanaouza usiku kwa kilemba kilekile. Mtandao hauondoi njaa ya mtu mwenye ada ya shule ya kulipa.

Na wasio na simu janja? Ni wengi, na huu ndio mtihani ambao mipango mingi ya kidijitali inaufeli siku ya kwanza. Kikundi hiki kimegawa watu: kila mwenye simu janja ana majirani wachache wa kitochi ambao ni wajibu wake kuwapigia au kuwatumia ujumbe mfupi tangazo likitoka. Wazee ambao kuandika kunawachosha wanatuma sauti. Mmoja wao, katibu aliniambia, huanza na salamu ya "Ugonile" ndefu, akahamia habari za mvua na za ng'ombe, na magunia yanatajwa sekunde za mwisho kabisa. Katibu amekwisha kuzoea kusikiliza hadi mwisho. Matangazo yote ni maandishi, hakuna video, kwa sababu kule juu mtandao unakuja na kuondoka, na bando la mtu halipaswi kuishia kwenye tangazo la mkutano.

Watu wa Dar es Salaam hudhani kwamba huku ni mwisho wa waya, na hilo si kweli. Mwaka 2009, mwaka uleule ambao nyaya za chini ya bahari za Seacom zilifika pwani, ndipo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza, na Mbeya, ikiwa njiani kuelekea Zambia na Malawi, haikuwa ya kuachwa pembeni. Tatizo letu ni pale unapoacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima. Kwa hiyo ushauri unaofaa kwa mwenye duka la Mbeya mjini unaweza usimfae mtu wa Makete au Ileje, na wanaotuandalia mafunzo wangefanya vyema kuuliza kwanza wanafunzi wao wanaishi upande gani wa barabara.

Kuhusu asasi, nitasema kwa kifupi jambo ambalo halipendezi. Nyingi zina tovuti iliyojengwa wakati wa mradi fulani, yenye picha za warsha na ukaribisho wa mkutano mkuu uliofanyika miaka mitatu iliyopita, na fedha ya mradi ilipoisha hakuna aliyelipia tena. Sikatai tovuti, anwani yako mwenyewe inayoishia na .or.tz au .co.tz inakupa heshima mbele ya benki na wafadhili, na barua pepe yenye jina la taasisi inasomeka kwa uzito kuliko ile yenye jina la utani la katibu. Lakini ukurasa mmoja wenye namba inayopokelewa, mahali ofisi ilipo, siku za kazi na huduma mnazotoa, ukiwa sahihi leo, unazidi kurasa kumi na mbili zilizokufa.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba asasi na vikundi vilivyo mji mmoja havifahamiani. Kila Agosti tunajazana katika viwanja vya John Mwakangale kwa ajili ya Nane Nane. Pale utamkuta mama anayesaga unga wa lishe, kikundi cha asali, kijana anayetengeneza vifungashio, wataalamu wa mbegu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, watu wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na mashine zao, wote ndani ya uzio mmoja kwa siku kadhaa. Namba zinaandikwa nyuma ya vipeperushi. Maonesho yakiisha vipeperushi vinafungia maandazi, na mama wa unga wa lishe anaagiza vifungashio kutoka Dar es Salaam wakati aliyepanga meza jirani naye anavitengeneza Soweto hapahapa Mbeya.

Dawa yake ni jedwali la pamoja la mtandaoni, la bure, ambalo kila anayehusika anaweza kulisoma kwa simu: nani anatengeneza nini, wapi, kwa kiasi gani kwa wiki, anahitaji malighafi gani, na namba yake ya biashara. Sharti lake la pekee ni kwamba awepo mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye jukumu la kuwapigia watu hao kila baada ya miezi mitatu na kufuta waliokwisha kuacha. Bila mtu huyo jedwali litakuwa uongo kabla ya krismasi. Chama cha wafanyabiashara kinaweza kulibeba, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata inaweza, hata parokia inaweza. Nimeona parokia ikitunza orodha ya mafundi ujenzi waaminifu kwa usahihi ambao ofisi nyingi zingeuonea wivu.

Upande wa serikali mtandao umekwisha kuwa mlango wenyewe, si dirisha la pembeni. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapita katika NeST, ule mfumo wa ununuzi wa serikali, na sheria imetenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi za umma kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba kikundi cha mama lishe au cha usafi kinaweza kushindania kazi za halmashauri, shule au hospitali bila kupambana na kampuni kubwa, mradi kiwe kimesajiliwa, kina akaunti ya benki na kimo kwenye mfumo. Vikundi vingi vinavyokuja dukani kwangu vimesikia habari za mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya nne wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu, lakini havijasikia habari za asilimia 30, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mkopo kwa sababu ni kazi na wala si deni. Ugumu unaojitokeza mara kwa mara ni wa nyaraka: jina la kikundi kwenye cheti halifanani na jina la benki kwa herufi moja, au anuani ya barua pepe iliyotumika kusajili ni ya mjumbe aliyekwisha kuhama. Kyela na Rungwe nako, wakulima wa kakao wanauza kupitia vyama vyao kwa stakabadhi ghalani, na minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX, hivyo hata mkulima asiyewahi kugusa kompyuta ana sababu ya kumuuliza kiongozi wa AMCOS yake mnada wa juzi ulifungwa kwa bei gani.

Iringa hali ina sura yake, kwa sababu ya wageni. Mtu anayekwenda Hifadhi ya Ruaha, au anayepita kuona Isimila na makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga, anakaa mjini usiku mmoja au miwili, na anachokitafuta kwenye simu ni mambo matatu: mahali pako wapi, pamefunguliwa sasa hivi au la, na njia ikoje. Neema Crafts, kituo cha Kanisa la Anglikana kilichoanza mwaka 2003 na kinachoajiri watu wenye ulemavu, kinajulikana na wasafiri wengi; lakini mgahawa wa mtaa wa pili, wenye wali mzuri na chai ya Mufindi, haumo kwenye ramani, au umo kwa jina ambalo mpita njia fulani alilibuni. Kuiweka biashara kwenye ramani ya Google hakulipiwi. Zamani uthibitisho ulikuwa wa kadi ya posta yenye namba ya siri, jambo gumu kwa nchi ya masanduku ya posta. Siku hizi mara nyingi unaombwa kurekodi video fupi inayoonyesha mtaa, bango na wewe ukifungua mlango. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nayo ilitupa majina ya barabara na namba za nyumba, kwa hiyo kisingizio cha "ukifika uliza tu" kimepungua nguvu. Ukishajiweka, rekebisha saa zako. Mgeni aliyepanda hadi kwako Jumapili akakuta kufuli, huku simu yake ikimwambia pamefunguliwa, ataandika maoni, na maoni hayo hayafutiki kwa soda.

Kuna hofu ya matapeli, na ni hofu ya haki. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 tumezoea kulipana bila kuonana, na wezi nao wamezoea. Kila mtu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Dawa yake ni kuupeleka namba 15040 na kuendelea na shughuli zako. Kwa mfanyabiashara hatari kubwa ni ujumbe bandia wa muamala, unaofanana na wa kweli hadi kwenye nukta, unaoonyeshwa na mteja mwenye haraka wakati wa foleni. Wauzaji waangalifu wa Mwanjelwa hawasomi ujumbe wa mteja. Wanaangalia salio lao wenyewe au wanasubiri ujumbe uingie kwenye simu yao. Mara mojamoja bonyeza pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana laini usiyoijua inaweza kufanya uhalifu kwa jina lako.

Vikundi vina kosa lao la peke yao hapa. Nimeona picha za vitambulisho vya NIDA vya wanachama wote zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia, ili tu katibu asiende nyumba kwa nyumba, na orodha za wadaiwa wa SACCOS zikibandikwa mtandaoni kama njia ya kuwaaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikutungwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake. Kikundi kinachokusanya majina, namba na picha za watu nacho kina wajibu wa kuzitunza. Vitambulisho vipelekwe kwa mtu mmoja, faraghani, na vifutwe kazi ikiisha.

Na mtandao unakatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Waliokuwa na namba za wateja wao kwenye daftari, au walau kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, walikuwa na mahali pa kuanzia pindi simu za kawaida zilipopatikana. Aliyewajua wateja wake kwa majina ya Instagram tu hakuwa na pa kuwapata. Ndiyo maana nauza madaftari na bado nayasifia, ingawa msomaji ana haki ya kusema kwamba nina maslahi.

La mwisho ni umiliki, ambalo ndilo linalonijazia foleni kuliko mengine yote. Ukurasa wa kikundi umefunguliwa na kijana mchangamfu kwa namba yake, barua pepe yake na nywila anayoijua peke yake. Kijana anapata kazi Dodoma, au anaolewa Songea, au anagombana na mwenyekiti, na ukurasa wenye miaka ya picha na wateja unaondoka naye. Mara nyingi hana hata nia mbaya, ni kwamba simu ilianguka na laini ikafungwa. Laini ya kikundi inaweza kusajiliwa kwa nyaraka za kikundi chenyewe pamoja na alama za vidole za mtu aliyeidhinishwa, na ukurasa wa Facebook au kundi la WhatsApp vinaruhusu wasimamizi zaidi ya mmoja. Kile kikundi cha viazi kimeliandika hili katika kumbukumbu nilizozichapa mimi mwenyewe: laini ni ya kikundi, simu inakaa kwa mweka hazina, wasimamizi ni watatu, na nywila ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti. Hawajakubaliana bado nani analipia bando la simu hiyo, na ajenda imesogezwa hadi mkutano wa baada ya mavuno.